Peugeot 504: sila ya maungio inawekwa kabla au baada ya praima?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Peugeot 504 saluni ya marehemu mzee, iko Tanga, nimeshatoa vioo, viti na kapeti naiandaa ipigwe rangi upya. Kwenye maungio ya mabati, hasa mifereji ya paa na ndani ya buti, sila ya kiwandani (ile dawa laini ya kuziba maungio maji yasiingie) imekauka na kupasukapasuka. Mpiga rangi anasema tupitishe puti juu yake, jirani anasema silikoni ya vioo inatosha. Nimsikilize nani? Na sila inakaa kabla ya praima, yaani rangi ya msingi, au baada?

JIBU: Nzuri kaka, pole na mzee. Hapo usimsikilize yeyote kati yao, na nakuomba silikoni isiingie kabisa kwenye banda mnalofanyia kazi. Rangi haishiki juu ya silikoni, na mabaki yake yakisambazwa na mkono au kitambaa kwenye bati, rangi ukiipiga inakimbia na kuacha vitundu vya duara, halafu zile zinazonuka siki zinatoa asidi wakati zinakauka na hiyo inakula chuma. Puti nayo kazi yake ni kunyoosha bodi, ikikauka inakuwa ngumu, sasa maungio yanacheza kila gari inapopita barabara mbaya, inapata ufa mwembamba usiouona, maji yanaingia na puti inayanyonya inakaa nayo.

Sila ya zamani itoe yote. Hata inayoonekana nzima, chukua bisibisi bapa uisukume kwa pembeni pale kwenye mfereji wa paa, mara nyingi inabanduka kama gamba na chini yake unakuta unga wa kahawia. Mabati mawili yaliyoshikwa kwa doti za welding yana uwazi mdogo sana katikati, maji yanavutwa humo yenyewe na hayakauki upesi, na kwa chumvi ya upepo wa bahari hapo Tanga kutu inakimbia zaidi. Tumia hiti gani (mashine ya kupuliza hewa ya moto) kwa moto mdogo ilainike, kwangua, malizia na brashi ya waya, ila diski ya kusagia weka mbali maana inapunguza bati na kula zile doti. Vaa maski nzuri, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Ukikuta bati limetoboka, kata uchomelee kipande kipya, sila haishiki nafasi ya bati. Kutu ya juujuu ikwangue, na ukitumia dawa ya kutu yenye asidi fuata maelezo ya kopo, mabaki yake yasibaki kwenye maungio kwa sababu epoksi, praima ya kulinda chuma, juu ya asidi haikai vizuri.

Sasa mpangilio: bati safi na kavu, epoksi praima, kisha sila, halafu praima ya kujaza mikwaruzo midogo, ndio rangi. Epoksi ndiyo inayolinda chuma, sila inazuia maji yasifike kwenye maungio. Epoksi ikipitisha muda ulioandikwa kwenye kopo, ikwaruze kidogo kwanza ili sila ishike. Nunua sila ya bodi ya poliyurethani, inayokubali kupigwa rangi juu. Bandika maskingi tepu pande zote mbili za ungio, sukuma sila iingie ndani na sio kupakwa juu tu, lainisha na kidole chenye glavu, na tepu uitoe sila ikiwa bado mbichi la sivyo inavuta kingo zote. Ndani ya buti usihangaike kuinyoosha, alama za brashi zinaonyesha gari ni ya enzi zake.

Kitu ambacho mafundi wengi wanasahau: matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya vizingiti (zile boksi za bati zilizo chini ya milango) usiyazibe, maji ya mvua yanayoshuka kwenye kioo cha mlango yanatokea hapo. Gari ikishapigwa rangi na ikakauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na milango, kisha pitisha waya kwenye kila tundu uhakikishe nta haijaliziba.