Dalali alipwe, ila si na mpangaji

Mmeuliza wiki hii kama ni haki dalali wa nyumba kuchukua kodi ya mwezi mzima kutoka kwa mpangaji. Najua wengi watajibu kwa hasira. Anayeishi Mwanza na hajawahi kuzungushwa na dalali, huyo anakaa kwao. Mimi naona hela yenyewe ni halali yake. Ninachogombana nacho ni mfuko inakotoka.

Kwanza nimtetee kidogo, maana hana watetezi. Mji wetu hauendi kwa ramani. Mabatini, Igogo na Isamilo nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe, njia ni ngazi zinazopita kibarazani kwa watu, na chumba kizuri unaweza kukikosa kwa sababu tu kimejificha nyuma ya jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mgeni aliyeshuka stendi ya Nyegezi na begi lake akisema atafute mwenyewe, atatafuta sana. Dalali anajua nani anahama mwisho wa mwezi, nyumba ipi ina ugomvi wa mirathi, mwenye nyumba yupi hataki wapangaji wenye watoto (wapo, na hawaoni haya kusema). Kuyajua hayo ni kazi. Wanaosema "kunifungulia mlango tu anachukua laki na ishirini" hawajamwona akipandishwa na kushushwa milima siku nzima na wateja wanaotaka nyumba ya marumaru na jipsamu kwa bei ya chumba cha udongo.

Sasa tupige hesabu. Chumba, sebule na choo cha ndani pale Nyakato au Nyasaka, tuseme kodi ni 120,000 kwa mwezi. Miezi sita mbele ni 720,000. Mwezi wa dalali 120,000. Tayari 840,000 na hujanunua hata pazia. Weka na hela ya kuonyeshwa, elfu kumi hivi, ambayo unaitoa hata kama ulichoonyeshwa ni banda la kuku lililopigwa rangi. Mtu wa mshahara wa kawaida hana hela hiyo kwa mkupuo, kwa hiyo anakopa kwenye kikoba, na anaingia nyumba mpya akiwa na deni la nyumba.

Na aliyemlipa hamtumikii yeye. Mwenye nyumba ndiye atakayempa dalali chumba kingine kesho, kwa hiyo ndiye anayenyenyekewa. Mpangaji akishaingia ndani hana faida tena kwa dalali mpaka siku atakapohama. Hebu liangalieni hilo vizuri: tunamlipa mtu ambaye riziki yake ni sisi tuhame. Ukitulia miaka mitano, kwake wewe ni hasara. Ukihama kila mkataba unapoisha, wewe ndiye mteja. Ndiyo maana mkataba ukikaribia mwisho anapita kwa mwenye nyumba kumsalimia: "Mzee, huku watu wanatoa laki na nusu siku hizi, wewe laki na ishirini unaing'ang'ania ya nini?" Mzee anapandisha, mpangaji anafunga virago, na dalali anakula kwa anayetoka, maana atamtafutia kwingine, na kwa anayeingia.

Nilipokuwa natafuta nyumba upande wa Isamilo, dalali alinipeleka moja kwa moja jikoni akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu hadi yakanirukia viatuni. "Umeona, mwalimu? Hapa maji si tatizo." Lakini kwenye kibaraza cha jirani kulikuwa na madumu ya njano, safu mbili, yote yamejaa, juu yamefunikwa kipande cha bati. Nyumba ambayo maji si tatizo haiweki madumu namna ile. Nikamwamkia mama aliyekuwa anachambua mchicha pale, nikamuuliza. "Leo ndiyo siku yetu, mwanangu. Usipokinga leo ujue utateka bondeni." Dalali akawa na simu ya kupokea.

Hakunidanganya, maana bomba lilitoa maji kweli. Alichofanya ni kuchagua siku. Na mambo ya maji Mwanza yanatia uchungu kwa sababu ziwa lote unaliona kutoka dirishani. Tuna chanzo cha Capri Point, na mradi wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku umekuja kuongezea, lakini kuyapandisha hayo maji mlimani kunataka pampu na matenki, na nyumba za juu hupokea kwa zamu. Zamu hiyo dalali anaijua kuliko mwenye ankara.

Kila mtaa una siri yake ya namna hiyo. Kirumba ukionyeshwa nyumba asubuhi, rudi mchana jua likiwa kali, upepo ukitokea soko la samaki la Mwaloni na harufu ya dagaa, ndipo uamue. Kando ya Mto Mirongo angalia mstari wa tope ukutani, hasa kama ukuta umepakwa rangi juzi. Malimbe usitafute chumba wakati chuo kinafunguliwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, madalali wa Usagara na Buhongwa nao wana wimbo mpya, kila kiwanja na kila chumba kiko "jirani na daraja". Ukiuliza jirani kiasi gani, unaambiwa panda bodaboda twende.

Halafu kuna LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humo tangu Agosti 2021, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa 1,500 kwa mwezi badala ya 1,000. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa bila mtu kununua umeme, makato yanajikusanya, na wewe mgeni ukiweka umeme wa elfu kumi unashangaa uniti zimeenda wapi. Sijawahi kukutana na dalali aliyenitajia hili kabla sijalipa.

Ukija kugundua, umshtaki nani? Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, siku hizi kodi ni maelewano. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. La kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko utaenda na mkataba wenye majina mawili, lako na la mwenye nyumba. Dalali hayumo. Amepokea 120,000 mkononi na hakuna karatasi inayomtaja.

Upande wa pili wa jambo hili nimeuonea kwa shangazi yangu. Yeye anaishi Sengerema, nyumba yake ya kupangisha iko Buswelu, na kabla sijaanza kumsimamia ufunguo ulikuwa kwa dalali. Siku ya kwanza niliyokwenda kukusanya hela ya maji, mpangaji mmoja, kijana mpole kabisa, aliniambia, "Dada, nyumba ni nzuri, ila laki na arobaini yenu ni kubwa." Shangazi alikuwa anapokea laki na ishirini. Nikamwomba kijana anionyeshe mkataba wake. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu, 140,000, umesainiwa na dalali kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkataba aliokuwa nao shangazi ulisema 120,000. Hicho ndicho wenyewe wanakiita cha juu. Kwa miezi sita cha juu ni 120,000, ongeza mwezi wake wa udalali ambao naye aliukokotoa kwa bei yake, 140,000. Jumla 260,000, kwenye chumba ambacho mwenye nacho anaona 120,000 kwa mwezi. Shangazi ilimchoma sana, lakini kilichomuuma zaidi si hela, ni kwamba wapangaji walikuwa wanamwona yeye ndiye mroho.

Tangu hapo tukabadilisha utaratibu, na huu ndio ninaoupendekeza. Shangazi ndiye anayemlipa dalali. Mpangaji akisaini dalali anapewa nusu ya mwezi, 60,000. Nusu ya pili anapewa miezi sita ikiisha na mpangaji akaweka mkataba mwingine. Akihama, nusu hiyo haipo. Kwenye mkataba tunaandika kwamba mpangaji hajatoa na hatatoa hela yoyote ya udalali wala ya kuonyeshwa, tunataja kodi kwa tarakimu na kwa maneno, dalali anatia saini kama shahidi pamoja na namba yake ya simu, na mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri.

Dalali wa zamani alikataa katakata, akasema tunamfanya kibarua. Sawa. Tulimpata mwingine, bwana mmoja mtu mzima ambaye kijiwe chake kiko karibu na duka la vifaa vya ujenzi, naye aliuliza swali moja tu, kama ile nusu ya pili itaandikwa. Ikaandikwa. Huyu sasa anawaambia wateja mapema kwamba maji ya Buswelu yana siku zake, maana anajua asiyeambiwa atahama na nusu yake itapotea. Zaidi ya mara moja amenipigia simu yeye kabla ya mpangaji: "Dada, chumba cha nyuma bati linavuja, mtengenezeeni yule kijana asije akaondoka."

Nitaambiwa wenye nyumba watairudishia hela hiyo kwenye kodi. Watairudishia, sikatai. Lakini 120,000 ikigawanywa kwa mpangaji anayekaa miaka miwili ni 5,000 kwa mwezi, na inalipika kidogo kidogo badala ya kumkaba mtu siku anayohamia. Tena mwenye nyumba akijua kila mpangaji anayeondoka anamgharimu 120,000, atafikiri mara mbili kabla ya kupandisha kodi kwa elfu kumi, kwa sababu elfu kumi hiyo itamchukua mwaka mzima kuifidia. Sasa hivi kumfukuza mpangaji hakumgharimu kitu, ndiyo maana tunafukuzwa kirahisi.

Najua wenye nyumba wengi hawatakubali leo wala kesho. Mpangaji ambaye bado yuko mikononi mwa dalali wa kawaida, na asiwe na haraka hata akiambiwa kuna mtu anakuja jioni na hela taslimu, afanye haya. Asitume hela ya "kuizuia" nyumba aliyoiona kwa picha tu. Aombe kuongea na mwenye nyumba moja kwa moja, amuulize yeye mwenyewe kodi ni kiasi gani kabla dalali hajamtajia. Anunue umeme wa elfu mbili kwenye ile mita palepale, aone uniti ngapi zinaingia. Na hela ya udalali aitoe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, jina la aliyepokea likiwa kwenye karatasi ileile ya mkataba. Dalali akigoma kuandikwa, amwambie mwenye nyumba kwamba nyumba ameipenda ila amsubiri hadi apatikane dalali anayejua kusaini.

Mwalimu, Nyasaka, Ilemela