Unga wa lishe wa aina kumi: je, wingi wa nafaka ndio ubora?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama saba wa Pasua, Moshi. Tunatengeneza unga wa lishe na kuuza katika soko la Mbuyuni na kwenye maduka ya mtaani. Ndani yake tunaweka aina kumi: mahindi, ngano, mchele, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa. Wateja wanaupenda kwa sababu una vitu vingi, lakini afisa lishe alipoona lebo yetu alisema aina hizo ni nyingi mno na kwamba unga wa namna hiyo unaweza usimsaidie mtoto. Tumevunjika moyo. Je, ni kweli? Tufanye nini ili biashara yetu iwe na mchango katika lishe ya watoto na isiwe ya kujipatia fedha tu?

JIBU: Dada zangu wa Pasua, nawashukuru kwa swali hili, hasa kwa sehemu yake ya mwisho. Nimefanya kazi ya usindikaji wa vyakula hapa Arusha kwa miaka mingi, na ni mara chache mfanyabiashara huniuliza kwanza kama bidhaa yake inamfaa mlaji kabla ya kuniuliza namna ya kuuza zaidi. Msivunjike moyo. Afisa lishe amewaambia kweli, ila pengine hakupata nafasi ya kueleza sababu zake.

Kwanza tuangalie hizo nafaka. Mahindi, ngano, mchele, ulezi, uwele na mtama ni ndugu wa ukoo mmoja: zote kwa sehemu kubwa ni wanga, zote zina protini kiasi, na protini yake ina upungufu wa kiini kilekile cha kujengea protini kiitwacho laisini. Mkichanganya nafaka sita, upungufu huo unabaki palepale. Kinachouziba ni mikunde, kwa kuwa mikunde ina laisini nyingi, nayo nafaka huipatia mikunde kiini cha methionini ambacho mikunde inacho kidogo. Nafaka moja nzuri na aina moja ya mikunde iliyoandaliwa vizuri vinatosha kufanya kazi ambayo aina zenu kumi zinajaribu kuifanya. Aidha, kila aina mnayoongeza ni gunia jingine la kununua, kuchambua, kuosha, kukausha na kukagua, na kila gunia ni mlango mwingine ambao uchafu na fangasi wanaweza kupitia.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi mkubwa, na naomba mnisikilize kwa makini. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa kushambuliwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki kwa sababu ya sumu hiyo, na mikoa hiyo ni miongoni mwa maeneo yanayoleta mahindi katika masoko yetu ya Kaskazini. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha, na kukaanga hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya maikrogramu 10 tu za sumukuvu aina ya aflatoksini katika kilo moja ya mahindi, na kati ya hizo aina ya B1 isizidi 5. Mtu mzima anayekula ugali leo na ndizi kesho hupata ahueni ya kubadilisha chakula. Mtoto wa miezi minane anayekula uji wa unga uleule mara tatu kwa siku, mwezi baada ya mwezi, hana ahueni hiyo. Nimewahi kufika mahali ambapo karanga zilizovunjika na kusinyaa, zilizokataliwa na wanunuzi wengine, zilikuwa ndizo zinazotengewa unga wa watoto kwa kuwa bei yake ni nafuu. Waliokuwa wakifanya hivyo hawakuwa watu wabaya, bali hawakuwahi kuambiwa. Ushauri wangu kwenu ni kuondoa karanga na mahindi kabisa katika unga wa watoto wadogo. Ulezi kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, na soya nayo kidogo kuliko karanga, ingawa vyote vinahitaji kukaushwa vizuri na kuhifadhiwa juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo kiini cha swali lenu, ni tumbo la mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye uzito wa kilo 10 anaweza kupokea takriban gramu 300 za chakula kwa mlo mmoja. Uji mwepesi, ule wa kunywewa kikombeni, huwa na unga wa gramu 10 hivi katika kila gramu 100 za uji, na unga huo hutoa chini kidogo ya kilokalori 40. Akimaliza bakuli tatu kwa siku, jambo ambalo kila mama anajua si la kila siku, atapata takriban kilokalori 350, ilhali mbali na maziwa ya mama anahitaji karibu 550 kutoka katika vyakula vingine. Kwa maneno mengine, mtoto anashiba maji. Hata mngeweka aina ishirini, hesabu hiyo haibadiliki. Mama akiongeza unga mara mbili, uji unakuwa mzito kama ugali na mtoto anaukataa.

Ufumbuzi wa tatizo hili upo mlangoni kwenu. Watu wa Kilimanjaro wanajua kuotesha ulezi na kupata kimea cha kutengenezea pombe ya mbege tangu enzi za mababu. Ulezi unapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga, na kimeng'enya hichohicho, kikiingia katika uji mzito, huulainisha bila kuongeza maji. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliifanyia kazi njia hii na kuonyesha kwamba kiasi kidogo cha kimea kinatosha kuufanya uji wenye unga maradufu umezwe na mtoto bila shida. Inanisikitisha kwamba maarifa haya yalipatikana hapahapa nchini na bado hayaonekani kwenye pakiti nyingi madukani.

Msinunue kimea cha pombe kilichopo sokoni, kwa kuwa hamjui kilikaushwa wapi. Osheni ulezi hadi maji yawe safi, muuloweke usiku mmoja, mmwage maji, muufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu huku mkiugeuza, kisha muuanike upesi kwenye chekeche zilizoinuliwa juu. Ukionyesha utando au harufu ya uvundo, tupeni wote bila huruma. Ukikauka, sugueni vimizizi vitoke. Msikikaange kimea, kwa sababu joto kali huua kimeng'enya na mtabaki na ulezi wa kawaida. Na msijaribu kuutumia mtama badala ya ulezi, kwa kuwa machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayozalisha sayanidi.

Kwa mchanganyiko wenyewe, ningeanza na ulezi sehemu 70, soya 25 na kimea 5, kwa uzito na si kwa kopo. Soya iingizwe katika maji ambayo tayari yanachemka na ichemke kwa dakika 20 hadi 30, kisha iondolewe maganda, ikaushwe na kukaangwa kidogo. Soya mbichi iliyosagwa tu ina vizuizi vinavyozuia mtoto kuyeyusha protini, na ile harufu ya majani ambayo wateja hulalamikia hutokana na soya kulowekwa na kusagwa kabla ya kupata joto. Protini ya mchanganyiko huu hufika karibu asilimia 15, karibu maradufu ya unga wa ulezi mtupu. Dagaa wauzwe katika pakiti yao: ndani ya unga huchacha haraka, huleta mchanga, na mama hajui ni wangapi wamo.

Kuhusu madini ya chuma nitasema kwa kifupi tu kwamba unga wa mimea peke yake hautoshi, kwa sababu fitati, kemikali ya asili iliyomo katika nafaka na mikunde, huyazuia madini hayo yasifyonzwe mwilini, ingawa uotaji huipunguza kiasi. Kuongeza virutubishi vya kiwandani ni jambo jema, lakini kama maelekezo yanasema gramu 500 kwa tani, kundi lenu la kilo 20 linahitaji gramu 10 tu, na gramu 10 zilizokorogwa kwa mwiko zitaishia katika pakiti mbili au tatu. Subirini hadi mtakapokuwa na mizani sahihi na mashine ya kuchanganyia.

Mmeuliza kama biashara ndogo ina mchango. Udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano nchini ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe unaitaja sekta binafsi miongoni mwa watekelezaji. Chumvi yenye madini joto ni mfano ulio karibu: Serikali iliweka sheria katika miaka ya 1990, lakini aliyenyunyizia madini hayo ni mzalishaji wa chumvi. Kwenu ni vivyo hivyo. Mama hufika kliniki mara moja kwa mwezi, lakini dukani hupita kila siku, tena hununua kwa fedha yake na kwa imani yake. Hiyo imani ndiyo mtaji wenu, na ndiyo deni lenu pia.

Basi nendeni ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani mpate barua ya utambulisho wa kwenda Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Gharama ya kupima sumukuvu ni mzigo kwa kikundi kimoja, kwa hiyo unganeni na vikundi vingine vya Moshi mnunue ulezi na soya kwa pamoja, mzigo mmoja uliochanganywa vizuri na kupimwa mara moja kabla ya kugawana.

Kwenye lebo, ondoeni maneno ya kutibu, ya kuongeza akili na ya kunenepesha. Andikeni kwamba unga ni wa mtoto aliyetimiza miezi sita na kwamba maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi. Muwekee mama kipimo anachoweza kukifuata jikoni: sehemu moja ya unga kwa sehemu nne za maji kwa uzito, uanze kukorogwa katika maji ya baridi, upashwe moto taratibu ili kimea kipate muda wa kufanya kazi, kisha uchemke vizuri. Fungasheni pakiti ndogo za gramu 250 zenye tarehe ya kusagwa, kwa kuwa mafuta ya soya huufanya unga uchache, na kabla ya kuchapisha lebo mpya mwiteni mama mmoja mwenye mtoto apike mbele yenu kwa kufuata maandishi hayo peke yake, bila ninyi kumwelekeza neno.