Vipimo safi, moyo mzito

Asubuhi moja nilikaa kitandani kanga ikiwa mapajani, nikashindwa kuinua mikono niifunge kichwani. Huko Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza ninakofanyia biashara, dagaa walikuwa wanapakiwa, wateja wananipigia simu. Sikupokea. Maumivu yalikuwepo, ndiyo, ila hata kama yasingekuwepo sikuona sababu ya kupokea.

Miaka miwili nilizunguka na mwili unaouma kila mahali: shingo, mgongo, nyonga, mpaka vidole. Malaria hakuna, baridi yabisi hakuna, picha safi. Mahali fulani nikaambiwa, "Mama, huna ugonjwa, nenda kapumzike." Nyumbani wengine wakasema nakwepa kazi, wengine nimelogwa. Hayo yaliniumiza kuliko mgongo.

Daktari aliyenipa jina la ugonjwa, faibromayaljia, alinieleza kuwa ubongo na mishipa ya fahamu vimekuwa vyepesi mno kuhisi maumivu, ndiyo maana kuguswa tu kunauma na vipimo havionyeshi kitu. Jamani, nililia kwa kuaminiwa.

Hapo nikakosea. Alinipa amitriptilini ya usiku, na niliposikia kwamba ni dawa ya sonona pia, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nikajua yote yametibiwa. Kumbe dozi ya maumivu na usingizi, mara nyingi miligramu 10 hadi 25, ni ndogo kuliko ya kutibu sonona. Mgongo ukapata nafuu kidogo, moyo ukabaki vilevile. Nikiulizwa kliniki naendeleaje, najibu, "Nzuri, ni mgongo tu."

Ndugu yangu, usijibu hivyo. Kama wiki mbili mfululizo hufurahii kitu, hata wajukuu wakija, sema. Ukijua utaficha, nenda na mtu. Mimi nilikwenda na dada yangu, na ndiye aliyesema: "Daktari, huyu siku hizi hacheki, na wala halii." Siku hiyohiyo nikapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Na ukianza kuwaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali leo.

Mazoezi pia yanasaidia, ila kidogokidogo. Nilianza na dakika 10 za kutembea kuelekea ziwani kabla jua halijawa kali. Siku ya nafuu usibebe magunia ya wiki nzima. Niliwahi kufanya hivyo, nikalala siku tatu.

Nikiamka vibaya sasa, nampigia dada kwanza, wateja baadaye.