Mama wa Mawe Anajibu: Bei ya gramu na bei ya jiwe zima

Shikamoo mama. Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Mererani. Desemba nilipata tanzanaiti ndefu kama kidole cha shahada, ikiwa bado imekaa kwenye kinywe, ule mwamba mweusi laini kama risasi ya penseli. Dalali aliing'oa, akaipima, ikasoma gramu 38, akanilipa bei ya siku hiyo. Juzi binamu yangu kanitumia picha ya maonyesho ya mawe ya Tucson, Marekani. Kuna jiwe kama langu, tena dogo kuliko langu, lina kikaratasi cha dola 6,500. Niambie ukweli, niliibiwa?
*Msomaji, Mererani*

Marahaba mwanangu. Hukuibiwa. Siku ile ulikuwa na spesimeni mkononi, yaani jiwe la kuwekwa lilivyo, na koleo la dalali lilipoingia kazini ikageuka kuwa mali ghafi ya kukata. Wewe ulikuwepo, na hukumzuia kwa sababu hukujua. Hata mimi sikujua, nitakwambia.

Dalali ananunua kwa ajili ya mkataji. Akilishika jiwe lako halioni jiwe, anaona vipande vya pete vilivyomo ndani yake. Anahesabu nyufa, anakisia rangi litakayotoa likishachomwa, anatoa uzito utakaoishia kwenye gurudumu la kukatia, na huo huwa zaidi ya nusu. Kinachobaki ndicho anachokulipa. Kwa biashara yake, hesabu hiyo ni halali.

Mkusanyaji hakati kitu. Analitaka jiwe lilivyotoka ardhini, aliweke kabatini, alitazame mpaka afe. Mara ya kwanza nilipofika maonyesho ya Munich, Ujerumani, yale ya mwisho wa Oktoba, nilipita meza moja baada ya nyingine nikitafuta mizani. Sikuiona. Kwenye meza moja alikuwepo mzee wa Kijerumani na lenzi yake, ameshika tanzanaiti ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Akakaa nayo kama dakika kumi, na muda wote huo anaangalia ncha tu. Kisha akairudisha kwenye kisanduku chake, akashukuru, akaenda zake. Niliomba nami niitazame. Pembeni mwa ncha palikuwa na kovu dogo kama chembe ya sukari. Muuzaji akaniambia kwamba bila kovu lile angetaja bei mara tatu, na jiwe lisingefika saa nne asubuhi.

Kwa hiyo lako, kabla ya kung'olewa, lingeulizwa mambo mengine kabisa. Ncha ni nzima? Nyuso, zile pande zake bapa za asili, zinang'aa au zimefifia? Kinywe bado kimelishika? Na limechomwa? Hapo ndipo vijana wengi huchekesha. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini na ukahawia, moto ndio unaoleta ile buluu ya dukani. Mkusanyaji anautaka ukahawia huo! Jiwe ambalo halijaonja moto, ukiligeuza mwangani, linakupa rangi tatu kwa pande tatu: buluu, zambarau, na ya tatu kama shaba au manjano ya majani makavu. Ukilichoma, ile ya tatu inakwenda, na hairudi.

Tangu mwaka 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, kila anayenijia anataja kilo. Ukigawanya utapata kama shilingi 538,000 kwa gramu. Ni hesabu nzuri, lakini haisemi lolote kuhusu lako. Nimewahi kuona jiwe la gramu sita likilipwa zaidi kuliko la gramu mia lililolala kando yake, kwa sababu lile kubwa lilikuwa limekatika ncha zote mbili.

Sasa ile dola 6,500. Mwanangu, kikaratasi si risiti. Tucson ya Februari si ukumbi mmoja. Mji mzima unageuka soko, na wauzaji wengine hupanga vyumba vya moteli, wakatoa vitanda, wakaweka makabati ya vioo na taa. Nauli ni yao, kodi ya chumba ni yao, na bei ya kwanza huandikwa ikiwa na nafasi ya kupunguziwa. Mtu akinunua matatu, inashuka. Siku ya mwisho jioni, inashuka tena. Kuna jiwe moja nilikutana nalo miaka mitatu mfululizo, na kikaratasi kilekile kikizidi kuwa cha manjano. Mwambie binamu yako akutumie picha ya jiwe likilipiwa, hapo tutazungumza.

Nilisema sikujua. Mwaka niliochukua leseni yangu ya udalali niliketi barazani na koleo la fundi umeme, nikang'oa fuwele tatu kutoka kwenye kinywe moja baada ya nyingine, kwa furaha, maana zilikuwa zimekaa pamoja kama vidole. Kipande cha mwamba nilikitupa kwa kuku. Mnunuzi wangu alinilipa kwa gramu, na ilikuwa fedha nzuri, mpaka nilipofika Munich nikaona tatu zilizokaa hivyohivyo, nzima. Sikula chakula cha mchana siku ile.

Na usimpe binamu jiwe alipitishe begini. Tangu 2010 tanzanaiti ghafi inayozidi gramu moja hairuhusiwi kutoka nchini. Ukipata nyingine kama ile, iache na mwamba wake, ifunge kwenye karatasi laini (sio mfuko wa suruali pamoja na simu na funguo), kisha nenda nayo ofisi ya Tume ya Madini uulize njia kabla hujamwonyesha mtu.

Mama, nina viazi, yaani madonge ya mwamba, vya grini ganeti kutoka migodi ya huku kwetu. Nivipasue au niviuze vizima kwa wakusanyaji?
*Msomaji, Voi*

Vipasue. Tsavoraiti, ndiyo hiyo grini ganeti yako, ya Taita mara nyingi hukaa ndani ya viazi hivyo ikiwa imevunjikavunjika, haina nyuso, na mkusanyaji anataka nyuso. Ukiona upande uliolala bapa unaong'aa kama kioo, hapo weka nyundo chini.

Habari za kazi mama. Naishi Augsburg, na Oktoba nitakwenda Munich na yuro 60. Natamani kitu cha nyumbani.
*Msomaji, Ujerumani*

Njema. Tanzanaiti iache. Uliza vitu vya Mererani vilivyokuwa vikitupwa kwenye kifusi: prenaiti ya kijani, au kipande chenye merelaniiti. Hilo ni madini lililotambuliwa rasmi 2016 na kupewa jina la mji wetu, vinyuzi vya kijivu vyembamba kuliko unywele. Usivipulizie, na usivifunge kwa pamba.

Chukua pia tochi ya kukagulia noti. Gundi nyingi hung'aa chini ya mwanga wake, na wapo wanaobandika fuwele kwenye mwamba usio wake. Ukiona mstari mweupe unaong'aa kwenye shina, rudisha jiwe taratibu. Ukilinunua, dai kikaratasi chenye jina la madini na mahali lilipotoka. Kama wameandika "Afrika" tu, waambie waongeze Mererani, na waiandike mbele yako.