Maswali na majibu: mlango wa farasi si mlango wa gereji

Maswali yamekuwa mengi mwezi huu, nadhani ni kwa sababu watu wetu wengi huku London wanafanya kazi kwenye hizi nyumba za myuzi, yaani mabanda ya farasi ya zamani nyuma ya majumba ya matajiri yaliyogeuzwa nyumba za watu, huyu usafi, yule rangi, mwingine umeme, na sasa kuna mmoja ana pesa kabisa anataka kununua. Nawajibu wote ila sio kwa urefu sawa, maswali mengine hayastahili.

Fundi, hili neno "Mews" kwenye vibao vya mitaa maana yake nini? (Msomaji, East Ham)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka, safari hii ndiyo ya mwisho. Mfalme wa Uingereza alikuwa na jengo Charing Cross, upande wa Trafalgar Square ya leo, walikuwa wanawekwa ndege wake wa kuwindia, kozi, wakati wa kunyonyoka manyoya, na neno lenyewe ni la Kifaransa cha zamani lenye maana hiyo hiyo ya kunyonyoka. Mwaka 1534 likaungua, likajengwa upya likawa la farasi, jina likabaki. Basi mabanda ya farasi ya mjini yakarithi jina la nyumba ya ndege. Na ndiyo, linafanana na mwewe, na hapana, halijatoka kwetu, imetokea tu, kwa hiyo acheni kunitumia ile meseji.

Shikamoo fundi. Nimeona nyumba ya kupanga nyuma ya Marylebone, dalali anasema kila kitu ni orijino. Nitajuaje? (Mama wawili, Ealing)

Marahaba dada. Dalali akisema orijino anamaanisha tofali za mbele na bei. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya farasi, binadamu alikuwa mpangaji tu wa juu. Chini banda na gari la kukokotwa, juu saisi, yaani mtunza farasi, au dereva wa gari na mkewe na watoto, wamebanana na stoo ya majani makavu, na harufu yote inapanda kwao. Kwa hiyo lile jiko zuri, bafu, ngazi ya kuzunguka, vyote vimekuja baada ya motokaa kumfukuza farasi na matajiri kushindwa kuweka watumishi wengi kama zamani, hapo mabanda yakageuka gereji, kisha taratibu yakawa nyumba za kuishi, hasa kuanzia miaka ya 1920. Ukitaka cha asili, mtafute farasi.

Anza na mlango mkubwa wa chini. Mabawa mawili, mbao za wima, bawaba ndefu za chuma zinazovuka nusu ya ubao, na juu yake boriti nene au chuma kilichobeba ukuta wote wa juu, kwa sababu gari lilihitaji nafasi pana na tofali peke yake haziwezi. Pembeni yake kuna mlango mwembamba, huo wa watu. Halafu inua macho. Juu katikati pana dirisha refu linaloshuka mpaka usawa wa sakafu? Hilo lilikuwa mlango wa majani, marobota yalivutwa kutoka kwenye mkokoteni kwa kamba, na ukibahatika utaona bado kipande cha boriti kimetokeza juu yake na kapi lake lenye kutu. Kwenye tao la kuingilia mtaani angalia kona za chini, kuna mawe au vyuma vimesimamishwa ili magurudumu yasile ukuta. Dalali hajawahi kuyaona hayo hata siku moja, yeye anaangalia simu.

Ndani, sakafu. Mwaka juzi nilikuwa nabandua sakafu ya maplastiki kwenye nyumba moja, chini yake zege jembamba, chini ya zege nikakuta tofali za bluu, ngumu kama chuma, za kule Staffordshire, zimechongwa miraba miraba kama chokoleti ili kwato isiteleze na mkojo utiririke, na katikati mfereji mdogo unaelekea mlangoni. Nilizisugua kwa brashi na maji ya moto, ziling'aa. Mwenye nyumba akaja, akatazama, akauliza kama tunaweza kumwaga zege jipya juu yake maana amenunua zulia. Nilimwambia tunaweza, kama vile unavyoweza kumwaga zege juu ya chochote. Akafikiria siku mbili. Zulia likarudi dukani.

Ukipata viwili tu kati ya hivyo vyote, nyumba yako ina cha kusema. Usipopata hata kimoja unalipia jina la mtaa, na siku hizi wajenzi wanaita Mews kichochoro chochote kipya chenye taa mbili na maua.

Ni kweli kwamba farasi walikuwa wanakaa juu na watu chini? (Msomaji, Luton)

Kwenye myuzi za kawaida hapana, farasi hapandi ngazi. Ila rampu anapanda, na stesheni ya Paddington kampuni ya reli ilijenga mabanda ya ghorofa kwa farasi wake wa mizigo, na rampu zake, jengo limekuja kuwa sehemu ya hospitali ya St Mary's. Kwa hiyo aliyekwambia hakukudanganya moja kwa moja, kachanganya tu.

Nyumba yetu haina dirisha hata moja upande wa nyuma. Nataka kumwambia landlord atoboe, kuna giza. Nani alijenga hivi? (Kijana wa Mwanza, yuko Bayswater)

Aliyejenga alikuwa anajua anachofanya. Nyuma yako kuna nini? Bustani ya jumba kubwa. Na jumba hilo ndilo lililokuwa linamiliki farasi, gari, saisi, na wewe ungekuwa mmoja wao. Tajiri hakutaka mtumishi amwone mkewe anakunywa chai, hakutaka kuona nguo za mtumishi zimeanikwa, kwa hiyo ukuta wa nyuma ukaachwa kipofu. Hata yale matao makubwa mazuri ya kuingilia, kama ya Kynance Mews kule Kensington ambayo watalii wanapigia picha za harusi, kazi yake ilikuwa ni pazia, samadi na kelele zibaki huko nyuma. Watu wanaona tao wanasema romantiki. Romantiki ya nani?

Sasa ushauri. Ukuta huo mara nyingi ni wa pamoja na jirani au uko kabisa kwenye mpaka, kuna sheria ya kuta za pamoja ya 1996, na jirani anaweza kupinga dirisha linalochungulia bustani yake, hilo halijabadilika tangu enzi za saisi. Omba dirisha la paa. Nyumba nyingi za hivi zinapata mwanga kwa juu na inatosha.

Bosi wangu anataka nitoe milango ile mikubwa ya mbao niweke kioo kizima. Anasema mbao zimeoza. Nifanye? (Fundi mwenzako, Croydon)

Usiguse kitu mpaka umeona karatasi. Nasema hivi kwa sababu nyie vijana mnaamini kibali ni shida ya mwenye nyumba. Kama nyumba imeorodheshwa kwenye urithi wa taifa, kuibadilisha bila ruhusa ni jinai, sheria ya mwaka 1990 inafika mpaka kifungo cha miaka 2, na inamgusa anayefanya kazi pamoja na anayeamrisha. Bosi ana wakili. Wewe una drili. Orodha ya Historic England, shirika la majengo ya urithi, inatafutwa bure kwa simu, dakika tano, andika jina la mtaa. Hata kama haimo, maeneo mengi ya myuzi ni ya hifadhi na halmashauri inaangalia sana sura ya mbele.

Na kuhusu kuoza. Chukua bisibisi, dunga chini kabisa ya mlango, sentimita 15 za mwisho, pale panapopigwa na maji yanayoruka kutoka kwenye mawe. Hapo patakuwa pameoza, ndiyo. Panda juu nusu mita dunga tena. Nakuahidi mara tisa kwa kumi bisibisi haiingii, mbao za zamani zilikuwa za miti iliyokua polepole, sio hii ya sasa ambayo ukiikaripia inapinda. Unakata ya chini, unaunga kipande kipya kwa mshazari ili maji yateremke, kazi ya siku mbili tatu. Akitaka mwanga, kioo kiwekwe kwa ndani, nyuma ya milango, mchana milango inafunguliwa inalala ukutani kama mbao za dirisha, usiku inafungwa. Anapata mwanga wake na mtaa unabaki na uso wake. Nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyejuta. Waliojuta ni wale wa gereji ya kujikunja ya rimoti.

Ukuta una unyevu na tofali zinabomoka uso, na tulishaziba simenti mpya juzi tu. (Msomaji, Paddington)

"Juzi tu" ndiyo ugonjwa wenyewe. Hii nitaisema taratibu kwa sababu kila mwezi inakuja kwa jina jipya.

Tofali za njano za London ni laini, zimejengewa chokaa. Ukuta ule unakunywa mvua kidogo na kuitoa kupitia chokaa iliyo katikati ya tofali, ndiyo njia yake ya kupumua. Ukiziba mapengo yale kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea, yanatokea kwenye tofali lenyewe, baridi ya Januari inakuja, maji yanaganda, yanavimba, uso wa tofali unaruka. Nenda kaokote kipande kilichoanguka hapo chini: upande mmoja mweusi kwa moshi wa miaka mia na zaidi, upande wa pili mbichi kama biskuti, na simenti yako imebaki imesimama peke yake kwenye ukuta kama fremu isiyo na picha. Simenti haijaharibika hata kidogo, ilichofanya ni kuua tofali.

Waliokulia Mji Mkongwe wanajua ninachosema. Nyumba ya mawe, chokaa na boriti, imesimama tangu babu, anakuja mtu na mifuko ya simenti kwa mapenzi kabisa, masika mbili tatu plasta inabanduka mapande mapande. Kichekesho ni kwamba tunakuja Ulaya tunakuta mzungu naye kafanya yale yale, halafu anatulipa sisi tuyarudie.

Toa simenti yote kwa patasi na nyundo, sio grainda, grainda inakata kona za tofali. Rudisha chokaa, isiwe ngumu kuliko tofali, funika kwa gunia bichi siku kadhaa isikauke haraka, na usifanye kazi hii Desemba. Kabla ya yote hayo panda uangalie mfereji wa paa. Nusu ya "unyevu" ninaoitiwa ni jani limeziba bomba. Na anayekuuzia sindano za kemikali ukutani mwambie aanze na nyumba ya mama yake.

Yale mawe ya barabarani ni ya zamani kweli?

Mengi ndiyo, ni granaiti iliyochongwa mraba, sio yale ya mviringo ya mtoni, na kila anayechimba bomba anayarudisha kwa kiraka cha lami halafu anapotea.

Wapi naweza kuona myuzi ambayo haijaguswa? Nakuja na wanafunzi. (Mwalimu, Birmingham)

Ambayo haijaguswa kabisa usitegemee mwalimu wangu. Farasi wa kweli wapo Royal Mews ya Buckingham Palace, kazi ya John Nash, 1825, unalipa kiingilio, lakini hilo ni jumba la farasi, sio banda, watoto watadhani wote walilala hivyo. Kwa hali halisi wapeleke Bathurst Mews karibu na Hyde Park, farasi wamefugwa pale mpaka karne hii yetu. Halafu Holland Park Mews, muwaoneshe ngazi za nje zinazopanda moja kwa moja kwenye vyumba vya watumishi, hapo wataelewa kwamba chini hapakuwa kwa watu.

Kuna na Reece Mews, South Kensington. Mchoraji Francis Bacon aliishi namba 7 kuanzia 1961 mpaka alipofariki 1992, ngazi imesimama kama ya mnazi, unapanda umeshika kamba. Studio yake ilikuja kubanduliwa yote, milango, kuta, sakafu, dari, na mavumbi yake, ikapelekwa Dublin, watu wanaitazama kwenye jumba la sanaa tangu 2001. Mimi nilishangaa, huku kwingine wanatupa mlango mzima kwenye kifusi, kule wamefungasha vumbi. Wanaopenda udaku wanakwenda 17 Wimpole Mews, palipopigwa risasi mlangoni Desemba 1962 na mambo yakafumuka mpaka waziri John Profumo akajiuzulu 1963. Wanafunzi usiwapeleke huko.

Nataka kununua moja, nichimbe ghorofa mbili chini niweke jimu na sinema. Ushauri? (Ndugu yenu wa Muscat)

Ndugu yangu, kwanza hongera. Pili hapana. Kensington na Chelsea tangu 2015 ghorofa ya chini ni moja tu, wamechoka na nyufa za majirani. Tatu, sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia ardhi ni ya Grosvenor, kampuni ya ukoo mmoja wa kitajiri, utanunua miaka tu ya kukaa, ndiyo lizi, na ruhusa utaomba mara mbili, kwa halmashauri na kwa mwenye ardhi. Uliza lizi imebaki miaka mingapi kabla hujauliza rangi. Kama unataka sinema, ziko.

Fundi nimeona bawa la mlango wa banda la farasi kwenye kontena la kifusi, mtaa wa tatu kutoka kazini kwangu. Nichukue? (Msomaji, Kilburn)

Gonga uwaombe kwanza, huku hata takataka zina mwenyewe na unaweza kuitwa mwizi. Wakikubali chukua leo hii, kesho lori linapita. Pima urefu na upana unitumie na picha ya nyuma. Na kama bawaba bado zimo, mtu asizikate, skrubu zake zinatoka kwa mafuta na subira, nitakuja mwenyewe Jumamosi.