Matundu mawili kwa d = kilomita 4

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nimechukua vijiji vya Pemba, nikapima umbali wa mstari baina yao na kujenga kompleksi ya Rips (kila nukta mbili zisizozidi umbali d huunganishwa, na kila kundi la nukta zilizoungana zote hujazwa) kwa d = kilomita 4. Nimepata matundu mawili, yaani mizunguko isiyojazwa. Je, niandike kwenye tasnifu kuwa hii ndiyo jiometri ya Pemba kwa mizani kubwa, yaani ikitazamwa kutoka mbali sana? (Mwanafunzi, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam. Usiandike. Pandisha d mpaka 80. Pemba haifiki kilomita 80 ncha hadi ncha, basi kila jozi ya vijiji imeshaungana na kompleksi nzima imekuwa simpleksi moja, kipande kimoja kilichojazwa kisicho na tundu. Nafasi yoyote yenye kipenyo chenye kikomo, kwa mizani kubwa, ni sawa na nukta moja.

Kinachonikera ni huku kuchagua d moja "nzuri" kisha kuyasoma matundu yake kama mtu apigaye ramli. Mizani kubwa haimo ndani ya d moja. Unachukua kompleksi za d zote, kila moja ikiwa ndani ya inayofuata, na kuangalia kinachopona d ikikua bila ukomo. Chukua nukta za namba kamili kwenye bapa. Kwa d = 1 kila mraba ni tundu, na miraba haina idadi. Kwa d = 1.42 mishazari imeshaungana, miraba yote imejazwa, tundu hata moja halikubaki. Linalopona katika daraja la pili (la nyuso, si la mizunguko) huonekana kwa minyororo isiyo na mwisho tu, yaani jumla za vipande visivyo na idadi. Homolojia ya kawaida (hesabu ya matundu), ile ya programu za kompyuta, hailioni.

Tena d mbaya huzua vitu. Pembesita sawa yenye pande za 1 ina mishazari mifupi ya 1.73 na mirefu ya 2. Weka d = 1.8: vipeo vyote vinaungana isipokuwa vinavyotazamana, na nukta sita zilizolala bapa zinakupa oktahedroni tupu (ganda la pembetatu nane), yaani tufe!

Ukitaka mizani kubwa kweli, tafuta nafasi isiyo na ukomo, na ikiwa ni endelevu (kama bapa zima, si nukta zilizoachana) chagua kwanza wavu: nukta zilizoachana walau c, na kila mahali pawe ndani ya c ya mojawapo. Bila hivyo kila kipeo kina majirani wasiohesabika. Kwa makundi ya haipaboliki (ya aljebra, ambayo pembetatu zake ni nyembamba) d moja kubwa yatosha, kwa kuwa Rips alithibitisha kwamba d ikipita kiwango kinachotegemea δ, kipimo cha wembamba huo, kompleksi husinyaa hadi nukta. Kwengineko usiitegemee njia hiyo ya mkato.

Kazi ya vijiji vyako iite homolojia dumifu, uoneshe kila tundu lilizaliwa d gani na likafa d gani. Na ukiletewa mchoro wa d moja, wa yeyote yule, mwambie akuchoree na wa d mara mbili yake kabla hujausoma.