Sensa ya joto la giaboksi: ifunge kwenye sampu

Ndugu, umeuliza sensa ya joto la oili ya giaboksi ya otomatiki ikae kwenye sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) au kwenye paipu ya rejeta. Kwa kuwa unavuta tela, ningechagua sampu: oili ya pale ndiyo inayofyonzwa kulainisha giaboksi, na nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni za kawaida. Paipu ya kwenda rejeta huonyesha mapema torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ikichemka, ila mshale wa geji hurukaruka na kukutia hofu bure mlimani. Ya kurudi achana nayo, oili imeshapozwa.

Sampu ifunguliwe kwanza, fundi achomelee nati ya kufungia sensa ubavuni, chini ya usawa wa oili, mbali na chujio. Sensa ya waya mmoja usiizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Inaweza kuzuia umeme kurudi kwenye bodi, usomaji ukapotoka.

Joto likivuka 120, simama, weka gia ya N (huru), injini iendelee kuwaka ili oili izunguke ipoe. Ikijirudia, mwone fundi wa giaboksi.